Hifadhi ya Ndege Pi Santez wa Shelisheli

Miongoni mwa ndege waimbao walio katika hatari ya kutoweka duniani yumo mmoja wa visiwa vya Shelisheli, aitwaye Pi Santez kwa lugha ya Krioli na *Copsychus sechellarum* kwa jina la kitaalamu. Manyoya yake ni meusi yenye mng'aro wa buluu, na kila bawa lina baka jeupe. Hapatikani katika nchi nyingine yoyote.

Hapo zamani ndege huyu alienea katika visiwa vingi vya mawe vya nchi hiyo. Ilipofika mwaka 1965 alikuwa amesalia katika kisiwa kimoja tu cha Frégate, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 2. Misitu ilikuwa imekatwa ili kupanda minazi na mazao mengine, na paka na panya walioletwa na vyombo vya baharini walikuwa wakila ndege, mayai na makinda.

Pi Santez hutafuta chakula chake ardhini, akipekua majani makavu ili kupata mende, tandu na wadudu wengineo. Huwafuata kobe wakubwa, na hata watu wanaolima, ili aokote wadudu wanaofukuliwa. Kwa tabia hiyo paka humkamata kwa urahisi, na dawa za kuulia wadudu humpunguzia riziki. Aidha, hutaga yai moja tu kwa wakati; kiota kimoja kikivamiwa, mzao wote umepotea.

Paka wa Frégate walikomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1990, ndege wakiwa 20 na ushei tu, ulianzishwa mpango maalumu wa kuwaokoa. Miti ilipandwa, visanduku vya kutagia vikawekwa, na ndege wakapewa chakula cha nyongeza. Halafu baadhi yao walihamishiwa visiwa vya Cousin na Cousine katikati ya miaka ya 1990, Aride mwaka 2002 na Denis mwaka 2008, ili janga la kisiwa kimoja lisiangamize kizazi chote.

Tahadhari hiyo haikuwa bure. Mwaka 1995 panya waliingia Frégate, na hawakumalizwa hadi mwaka 2000. Hata hivyo kazi ilizaa matunda: mwaka 2005 ndege huyu alishushwa kutoka daraja la juu kabisa la hatari, na idadi yake imekwisha kupita 200. Hatari yenyewe haijaondoka.

Ulinzi wake, basi, huanzia ufukweni. Mtumishi anayepokea shehena hana budi kuhakikisha kwamba magunia, masanduku na mitumba ya majani inakaguliwa kabla ya kupakiwa na kabla ya kuteremshwa. Mkaazi naye asipeleke paka katika visiwa hivyo, na amwonapo panya atoe taarifa siku hiyo hiyo. Panya jike mmoja mwenye mimba, aliyejificha ndani ya gunia, anatosha kuharibu kazi ya miaka mingi.