Spea halisi na spea ya kuchonga: jinsi ya kuikagua Land Rover ya zamani

Land Rover Series IIA, iliyoundwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971, ni nadra kukutwa leo ikiwa haijaguswa. Gari lililofanya kazi miaka hamsini limepita mikononi mwa mafundi wengi. Kabla ya kulinunua, au kuanza kulirudisha katika hali yake ya awali, jua kipi kilitoka kiwandani na kipi kiliongezwa gereji.

Anza na sumaku. Land Rover ilipozaliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na IIA ikafuata desturi hiyo. Sumaku ikinata kwenye bati la madigadi, bati hilo ni la kuchonga. Chesisi na fremu za milango ni chuma tangu mwanzo. Hapo kunata si dosari.

Kisha tazama viungo. Pembe za bodi zilifunikwa kwa vipande vya chuma kilichopakwa zinki, vikapigiliwa ribiti. Ukiona alama za kuchomelea au bolti mahali pa ribiti, kazi imefanywa upya. Unga mweupe pembeni ya vipande hivyo ni alumini inayoliwa kwa kugusana na chuma penye unyevu.

Nati za gari hili ni za vipimo vya inchi. Bolti ya milimita 8 inakaribiana sana kwa unene na ya inchi 5/16, lakini nyuzi za bolti hizo hazilingani; ukilazimisha, zinaliwa, kisha kiungo hulegea.

Mwisho, umeme. Vifaa vingi vya umeme vya kampuni ya Lucas vimegongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Dinamo ya 1970 ndani ya gari la 1964 ni ya Lucas kweli, ila haikuzaliwa na gari hilo.

Madigadi iliyochongwa vizuri ni sehemu ya historia ya gari. Muuzaji aitaje na mnunuzi aiandike. Breki na usukani havina msamaha huo: kilichobuniwa huko kitolewe leo. Na spea halisi unayoiondoa, hata ikiwa imechakaa, usiitupe. Fundi ajaye ataihitaji kama kipimo.