Vazi Letu la Kanzu na Kofia

Ndugu zetu Waislamu, wake kwa waume, katika zama hizi yasikika mara kwa mara malalamiko ya wazee kwamba vijana wameliacha vazi lao. Husemwa kuwa kanzu imekuwa nguo ya Ijumaa, ya Idi na ya maziko tu, na kwamba kofia hutiwa mfukoni mara kijana atokapo mlangoni mwa msikiti. Malalamiko hayo si ya uwongo, na sisi tulio katika kazi ya kusomesha watoto Qur'ani tumeyasema mara nyingi. Lakini limetupata jambo lililotufanya tujiulize wenyewe kabla ya kuwauliza vijana, nalo ndilo tupendalo kuwaeleza wasomaji wetu.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, nayo ni sitara na ada. Sitara ni amri ya dini. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu ametukumbusha neema ya nguo zinazositiri na zinazopamba, kisha akatujulisha kuwa vazi la uchaji Mungu ndilo lililo bora. Ama mshono wa nguo na nchi ilikotoka, hayo wameachiwa watu na ada zao, maadamu hawakuivuka mipaka ya sharia. Imepokewa kwa Bibi Ummu Salama (R.A.) kuwa nguo aliyoipenda zaidi Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa kanzu. Na imepokewa vilevile kuwa safarini alivaa juba la Sham, lenye mikono myembamba hata ikambidi aitoe mikono yake kwa chini ili apate kutawadha. Na Sham wakati ule ilikuwa chini ya Warumi.

Na hili vazi tuliitalo la asili, nalo limepita safari ndefu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliwakuta watu wa pwani wakijifunga futa kiunoni, na katika nguo alizoletewa ili avae kwenda kusali Ijumaa kilikuwamo kilemba kilichotoka Misri. Kofia zetu za kushonwa kwa mkono zina ndugu zao Oman, ambako huitwa kumma. Kanzu nayo ilichukuliwa na wafanya biashara wa Kiislamu kutoka pwani katika karne ya 19 ikafika Buganda, na leo huko huivaa Waislamu na Wakristo pamoja katika sherehe za posa na harusi. Kwa wanawake, buibui la kamba walilovaa bibi zetu limepisha abaya zitokazo nchi za Ghuba. Basi asiyejua habari hizi hudhani kuwa vazi letu liliteremka pamoja na dini, na kila asiyelivaa humwona amepungukiwa na imani. La, sivyo.

Lakini liko jambo jingine katika habari za vazi hili, ambalo halisimuliwi sana barazani. Katika siku za utumwa, hapa pwani na visiwani, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu kama mwungwana. Kichwa kitupu kilikuwa ni alama yake, ajulikane kwa mbali kuwa ni mali ya mtu. Utumwa ulipofutwa kwa sharia Unguja mwaka 1897, kisha pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, wengi katika walioachwa huru walitia kofia vichwani mwao na wakavaa kanzu; na wanawake wakajifunga kanga na kujitanda buibui kama waungwana. Kwao haya hayakuwa mapambo tu. Ilikuwa ni kusema mbele ya watu wote: sisi nasi ni waja wa Mungu, hatuna bwana mwingine. Haitupasi kulisahau hilo tunapolisifu vazi letu. Lilipata kuwa ukuta baina ya mtu na mtu, kisha likawa mlango.

Sasa tulisimulie jambo lililotupata. Katika chuo chetu tulikuwa na kanuni kwamba mwanafunzi wa kiume haingii ila kwa kanzu na kofia. Siku moja alikuja mtoto mwenye umri wa miaka kumi, mpole na mwepesi wa kuhifadhi, naye amevaa suruali yake ya shule na shati lililochujuka rangi. Alikuwa amejisitiri, hapana lililokosekana katika sharia. Sisi tukamwambia mbele ya wenziwe arudi kwao akavae mavazi ya Kiislamu. Akaufunga msahafu wake, akaondoka bila ya kusema neno. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu, wala juma lililofuata.

Tulikwenda kwao baada ya sala ya Alasiri. Tulimkuta bibi yake, ndiye anayemlea, ameketi kizingitini ameinamia kazi yake. Tukamwamkia, naye akatukaribisha. Kazi ile ilikuwa kofia ya viua. Ajuaye kazi hii anajua kuwa kitambaa cheupe huchorwa kwanza, kisha hutobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kimoja, mpaka kofia nzima ijae maua. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na macho ndiyo yanayolipa.

Tukamwuliza habari za mtoto. Akasema, "Maalim, kusoma anakutaka. Kanzu yake ilipasuka, na hii niliyoishika si yetu, ina mwenyewe." Tukanyamaza. Kisha akatuambia kuwa waagizaji wamepungua, na wanaokuja humpunja bei, husema kuwa za mashine ni rahisi. Alipokuwa akisema hayo aliinua macho akaitazama kofia iliyokuwa kichwani mwetu, kisha akayainamisha kwa adabu. Kofia yetu ilikuwa ya mashine, imetoka ng'ambo. Tuliinunua dukani kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Wasomaji wetu, hatukuwa na la kujibu. Tulimfukuza mtoto kwa ajili ya vazi la asili, na bibi yake ndiye aliyekuwa akilishona; na sisi tuliojiona walinzi wa vazi hilo hatukuwa na hata uzi mmoja wa mkono wake. Zaidi ya hayo, tulikirudisha kichwa kitupu mlangoni kwa Qur'ani, kama walivyofanyiwa watu wa zamani. Tulimwomba radhi yule bibi, na tukamwomba radhi mtoto. Na siku aliyorejea tukasema mbele ya chuo kizima kuwa kosa lilikuwa letu.

Tangu siku ile kanuni imebadilika. Nyuma ya mlango liko sanduku la kanzu na kofia zilizotolewa na wazazi ambao watoto wao wamekua. Asiye na yake huchukua humo, akimaliza darsa huirudisha, wala haulizwi. Na asiyechukua, akiwa amejisitiri, husoma. La ajabu ni kwamba tangu tuache kulazimisha, wanaovaa hawakupungua. Nasi tuliagiza kofia kwa yule bibi, kwa bei aliyoitaja yeye, tukalipa kidogo kidogo mpaka ikesha.

Basi nasaha yetu kwa nyumba za Waislamu ni hii. Baba na ajivalie kanzu siku za kawaida, aendapo sokoni na barazani, kwani mtoto huiga alionalo kuliko aliambiwalo. Mwenye uwezo na aagize japo kofia moja ya mkono kwa mshonaji wa mtaani kwake, wala asimpunje, maana mikono hiyo ikikosa kazi hapana atakayewafundisha mabinti zetu. Bibi anayejua kushona na amweke mjukuu wake karibu, ajifunze sindano angali mdogo. Na tuliopewa amana ya kusomesha, tusilifanye vazi kuwa sharti la kuipata elimu ya Mwenyezi Mungu, ambaye Mtume wake (S.A.W.) ametufundisha kuwa hazitazami sura zetu, bali hutazama nyoyo zetu na amali zetu.

Yule mtoto sasa amefika juzuu ya tano. Kofia anayovaa ameshonewa na bibi yake.

Mwenyezi Mungu atuvike sote vazi la uchaji, na atusamehe tuliyoyakosea kwa kudhani tunaitetea dini yake. Amin.