Kijiko cha Fedha na Uyoga wa Bulliard

Kila masika yaingiapo, uyoga ukaanza kuchipuka penye magogo na vichuguu, mimi huletewa swali moja, na nimeulizwa mara nyingi hata subira imeniishia: je, ni kweli kwamba kijiko au sarafu ya fedha ikitiwa ndani ya sufuria ya uyoga ikageuka nyeusi, uyoga ule una sumu, na ikibaki nyeupe wafaa kuliwa? La, si kweli. Haikuwa kweli huko Ulaya, ambako imani hii imeaminiwa kwa karne nyingi, wala haikupata ukweli kwa kusafiri mdomo kwa mdomo hata kutufikia sisi. Na ajabu ni kwamba njia iliyo sahihi ilikwisha kuonyeshwa, tena kwa picha, na Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1793.

Mtu huyo ni Pierre Bulliard, mzaliwa wa mwaka 1752 katika kijiji cha Aubepierre, aliyekwenda Paris kwa ajili ya utabibu, na huko akajifunza kwa François Martinet sanaa ya kuchora na kuchonga bamba za shaba. Tangu mwaka 1780 alianza kutoa, sehemu baada ya sehemu, kitabu chake *Herbier de la France*, chenye picha zipatazo 600, na zaidi ya nusu yake ni za uyoga. Alizichora mwenyewe na kuzichonga mwenyewe, na rangi zake zilipigwa chapa kwa bamba, ilhali ada ya zama zile ilikuwa kuzipaka kwa brashi, nakala moja moja. Mwaka 1784 alitoa kitabu kuhusu mimea ya Ufaransa yenye sumu na ile ya kutiliwa shaka, na mwaka 1791 akaanza historia ya uyoga wa nchi hiyo, ambayo ajali haikumpa muda wa kuitimiza, kwani alifariki akiwa na umri wa miaka 40, kazi ikaendelezwa na wengine. Hata leo, atafutaye katika vitabu vya elimu uyoga mashuhuri uitwao Boletus edulis, huona nyuma ya jina hilo herufi nne, Bull., yaani Bulliard ndiye aliyeupa jina.

Tazama jinsi alivyochora. Hakuridhika na kofia peke yake: aliuweka uyoga mchanga karibu na uliokomaa, kisha akaupasua mwingine kutoka utosini hadi chini, ili ionekane nyama ya ndani na namna shina linavyoshikana na kofia. Kila aina kwake ilikuwa kama mtu mwenye uso wake, na sharti ijulikane kwa uso huo. Hapana alama moja iwezayo kuzigawa aina zote mafungu mawili, la halali na la haramu.

Sasa nirudi kwenye kijiko. Fedha huwa nyeusi ikikutana na baadhi ya michanganyiko ya salfa; kula yai la kuchemsha kwa kijiko cha fedha nawe utauona weusi huo, ingawa yai halina sumu yoyote. Uyoga unaoua watu wengi kuliko wote duniani, Amanita phalloides, wenye kofia ya kijani iliyofifia, pete shinani, na kifuko cheupe kilichozama udongoni, sumu yake huitwa amatoksini, na hata salfa iliyomo ndani yake imefungika barabara, haigusi fedha kamwe. Kijiko kitatoka kinang'aa, mpishi atashukuru, na familia itakula kwa furaha, maana walionusurika husema ulikuwa mtamu. Sumu hiyo haivunjwi kwa kuchemsha, kukaanga, wala kukausha. Kwa saa 6 hadi 12, aghalabu, mlaji hahisi kitu. Kisha hutapika na kuhara vibaya, halafu hupata nafuu ya udanganyifu, huku ini likiendelea kufa, kwa kuwa sumu imekizuia kile kimeng'enya ambacho chembe hai hukitegemea kunakili maagizo ya kutengeneza protini.

Wasemao kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama wamekosea vilevile: konokono huula huo wa kuua, na sungura huustahimili. Ini la sungura si ini la mwanao. Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya, kwani uyoga huo huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti, na umekwisha kuonekana Tanzania chini ya misonobari.

Bibi wa kijijini achumaye uyoga wa kichuguu hahitaji kijiko. Anaijua kofia yake, anaujua msimu wake, na anajua kwamba shina lake hushuka kama mzizi mrefu hadi kwenye makao ya mchwa. Elimu yake ni ya jinsi ile ile ya Bulliard, nami naiheshimu kuliko hila zote za jikoni. Lakini bibi huyo akihamia penye misonobari, maarifa yake hayamfuati, na hapo asichume.

Basi, uyoga usioujua kwa jina na kwa uso, uache. Ukichuma, chimbua shina lote, usikate, kwani kifuko kikibaki udongoni ushahidi umebaki nacho. Usipojua, nunua uyoga wa mamama uliopandwa na mkulima. Maziwa si dawa ya sumu ya uyoga, mafuta si dawa. Atapikaye saa nyingi baada ya kula uyoga apelekwe hospitali saa ile ile, hata akidai amepata nafuu, pamoja na wote waliokula naye. Na mabaki ya uyoga, hata yaliyokwisha kutupwa jalalani, yaokotwe na kufungwa katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki utakaoyaozesha, akabidhiwe daktari.