Punguzo la Ada ya Chuo Kikuu: Lipi ni Punguzo, Lipi ni Deni?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali moja hurudi kwetu kwa sura mbalimbali. Mzazi anauliza kama chuo cha Serikali kinaweza kumpunguzia ada kijana wake, na kama akipunguziwa ni halali kupokea. Mwengine anauliza kuhusu mkopo, akiuita punguzo. Tumeona tulieleze jambo hili kwa kuanzia mbali kidogo na visiwa, huko Lushoto katika milima ya Usambara, kwa sababu hali ya wazazi wa kule inafanana mno na ya kwetu.

Anayetoka Pemba kwa boti hadi Tanga, akapanda basi la Korogwe na Mombo, kisha akapanda mlima kwa ile barabara ya kona, atakuta familia zinazoishi kwa kabichi, karoti, viazi, nyanya, mapea na chai. Mboga zinateremshwa Mombo kwenda Dar es Salaam. Bei ikiwa nzuri wiki hii, mkulima anapata. Ikianguka wiki ijayo, gunia halirudishi hata gharama ya mbolea. Mzazi wa namna hii si fakiri kila siku, lakini hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Na chuo kinapofungua, kinataka ada siku hiyo. Je, hali ya mwenye mikarafuu ya Pemba si hiyo hiyo? Karafuu nazo zina mwaka wa neema na mwaka ambao mti unapumzika.

Serikali imeondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kwa hiyo mzazi wa Lushoto anamfikisha kijana hadi mlango wa chuo kikuu bila ya kulipa ada, halafu ghafla anakutana na bili. Pale Lushoto mjini kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, chuo cha umma kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kinachofundisha sheria ngazi ya cheti na stashahada. Anayetaka shahada katika chuo kikuu cha umma hulazimika kuteremka: Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam. Na hapo ndipo gharama zinapoongezeka.

Tufanye hesabu. Ada ya shahada nyingi katika vyuo vikuu vya umma ni kiasi cha shilingi milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliipandisha mwaka 2022, ile wanayoiita vijana "boom", ni shilingi 10,000 kwa siku kutoka 8,500. Miezi minne kwa kiwango hicho ni shilingi 1,200,000. Yaani muhula mmoja wa kula na kulala unaweza kuizidi ada ya mwaka mzima. Mzazi anayeshangilia punguzo la robo ya ada na kusahau chumba na chakula, hajapiga hesabu yake sawasawa. Ndiyo maana wengine hunufaika zaidi na Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Tanga, Unguja na Pemba, kijana akasoma huku analala kwao. Kwa mkaazi wa Unguja, SUZA nayo inaondoa sehemu kubwa ya gharama hiyo kwa sababu tu ya kuwa karibu.

Sasa tutofautishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Punguzo ni chuo kukubali kupokea pungufu ya ada; kilichoondolewa hakidaiwi tena. Ufadhili ni mwengine kulipa kwa niaba ya mwanafunzi, mfano ule wa Samia ulioanza 2022/23 kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Mkopo ni deni. Bodi ikimpa kijana asilimia 40 ya ada ya shilingi 1,200,000, familia italipa 720,000 sasa, na zile 480,000 kijana atazilipa baadaye. Hakuna kilichopunguzwa. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Tunasisitiza hili kwa kuwa deni ni jambo zito katika Dini yetu, na kijana wa miaka 19 anayetia saini hajui uzito wake mpaka mzazi amweleze.

Ama hukmu ya punguzo lenyewe, asli yake ni halali. Mwenye kuuza huduma ana haki ya kupunguza bei yake kwa yatima, mlemavu, mwenye kufaulu au mwenye dhiki. Kilicho haramu ni kulipata kwa uongo. Kumwandika kijana yatima hali baba yake yuko hai, au kuficha kipato ili aonekane maskini, ni ghushi, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemkemea vikali mwenye kughushi. Tena ni kumdhulumu mwengine, kwani fungu ni moja: anayelichukua kwa uongo amemnyang'anya mtoto wa mjane. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa RITA kwa walioko Bara, na kwetu Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Shughulikieni mapema, wengi hukosa kwa kuchelewa cheti, si kwa kukosa sifa.

Lipo punguzo la kulipa mapema, na hili lina maelezo. Chuo kikisema tangu mwanzo kwamba anayelipa yote mara moja bei yake ni hii, na anayelipa kwa awamu bei yake ni ile, na mzazi akachagua moja kabla ya kufungamana, Jumhuri ya 'Ulamaa wameruhusu bei ya taslimu kutofautiana na ya kuchelewesha. Lakini deni likishathibiti kwa awamu mbili, kisha mzazi akasema "nipunguzie nilipe leo," hapo pana khilafu. Wengi katika madhehebu manne, wakiwemo Mashaafi'iy ambao ndio wengi visiwani, wamelikataa likifanywa sharti. Imepokewa kutoka kwa Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) kuruhusu, na Ibn Taymiyyah na Ibn al-Qayyim wakachagua kauli hiyo. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah mwaka 1992 iliruhusu pindi kusipokuwa na makubaliano ya kabla. Kwa maoni yetu, mzazi akiomba kwa nafsi yake na chuo kikamsamehe bila ya sharti, hakuna dhiki. Faini inayoongezwa juu ya ada iliyochelewa ni jambo jengine kabisa, kwani hiyo ni ziada juu ya deni kwa ajili ya muda, na hiyo ndiyo ribaa. Mzazi aombe kuongezewa muda kabla tarehe haijafika.

Na mkopo wa Bodi? Hapo zamani palikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na adhabu ya asilimia 10 kwa mchelewaji. Waislamu wengi walijizuia kwa sababu hiyo, na walikuwa na haki. Tozo hizo zilifutwa mwaka 2021. Ile ya asilimia 6 ilitangazwa na Rais siku ya Mei Mosi. Hilo limeondoa tatizo kubwa, lakini mkataba usomwe wote kila mwaka. Mkiona ada ya uendeshaji, ulizeni kama ni gharama halisi ya kazi au inakua kwa kadiri ya deni na muda.

Kabla ya kufika kwenye deni, kuna Zakaah. An-Nawawiy ametaja kuwa mwenye kushughulika na elimu ya Shari'ah kiasi cha kushindwa kuchuma hupewa Zakaah, na baadhi ya 'Ulamaa wa zama hizi wamejumuisha elimu nyengine zenye manufaa. Hata asingekuwa mwanafunzi, kijana ambaye yeye na wazazi wake hawana cha kutosha anaingia katika mafakiri na maskini waliotajwa katika Suurat At-Tawbah, Aayah ya 60. Ila baba asimpe Zakaah yake mtoto ambaye matumizi yake yanamlazimu yeye. Ami, mjomba na jirani wanaweza. Mfanyabiashara wa Darajani au Chake Chake akitoa Zakaah ya 720,000 kwa kijana mmoja, amemaliza sehemu ya familia kwa mwaka mzima katika ule mfano wetu.

Kwa mwenye mazao, wa mlimani au wa visiwani, tunashauri jambo moja la kufanya kabla ya usajili: aandike barua kwa mhasibu wa chuo akieleza miezi ya mavuno yake na kuomba awamu zifuate miezi hiyo, kwa jumla ile ile ya ada bila ya nyongeza. Akikubaliwa, aombe jibu kwa maandishi lenye tarehe na kiasi cha kila awamu, na nakala abaki nayo kijana.

Wa Allaahu A'lam.