Kusoma Ukili Kabla ya Kuusuka

Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ina mawe mengi, na wanawake wake wamezoea kuendesha maisha kwa kazi mbili tatu. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, wengi huwa pwani kwenye mwani, zao lililoanza kulimwa Zanzibar mwaka 1989. Maji yakiwa mafu, mikono hurudi kwenye ukili, utepe unaosukwa na kushonwa kuwa mkeka. Msichana wa Tumbe au Shumba Mjini hushika chane, yaani vipande vyembamba vya jani la ukindu, akiwa mdogo, na ukili wa kawaida, juu ya moja chini ya moja, anaumudu mapema. Kazi humshinda akipewa ule wenye mistari iliyoinuka, ambao ukiupitishia kiganja unaisikia migongo yake. Hapo wengi huacha, wakarudia ule waliouzoea. Naamini sababu kubwa ni mafundisho yetu: tunamwambia mwanafunzi atazame mikono ya anayejua. Mikono hiyo inakwenda mbio mno. Atazame ukili.

Kila chane ya ukindu hwenda kwa mshazari hadi ukingoni, ikakunjwa, ikarudi kwa mshazari wa upande wa pili. Zote zinapishana, hizi zikielekea kulia na zile kushoto, na iliyokuwa ya kulia ndiyo itakayokuwa ya kushoto baada ya mkunjo. Mkunjo huo pia huigeuza chane, uso uliokuwa juu ukawa chini. Kwa kuwa jani lina upande unaong'aa kuliko wa pili, hata ukili usiotiwa rangi huonyesha vivuli viwili ukiuinamisha juani. Mwanafunzi akishaviona vivuli hivyo anaweza kuifuata chane moja kwa macho kutoka ukingo hadi ukingo bila kumuuliza mtu.

Sasa pambo lenyewe, ile mistari iliyoinuka. Chane ya kwanza inaruka mbili, inapita chini ya mbili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Ya pili inaanza kwa kuruka moja tu, kisha chini ya mbili, juu ya mbili. Ya tatu inaanza chini ya mbili. Ya nne inaanza chini ya moja, halafu juu ya mbili. Ya tano ni ile ya kwanza tena. Kila chane imesogeza hesabu hatua moja, na kusogea huko ndiko kunakochora mstari. Ukitaka mstari upinde uwe kama mfupa wa samaki, usiguse idadi ya kuruka. Geuza mwendo tu: ukifika ya nne, rudi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Wanaokariri pambo zima kwa kichwa hupotea hapa, maana kwao upande wa kwenda na wa kurudi ni mapambo mawili. Anayehesabu anajua ni hesabu ile ile.

Kuruka tatu au nne kunainua pambo zaidi na linaonekana kwa mbali, lakini chane iliyoachwa ndefu hulegea na kunasa kucha. Kwa mkeka wa kulalia au msala, mbili zinatosha. Tatu nazipendelea kwenye kawa la kufunikia chakula, ambalo halikaliwi wala halikanyagwi.

Idadi ya chane lazima iamuliwe kabla ya kuanza. Pambo linalojirudia kila baada ya nne linataka idadi inayogawanyika kwa nne, la sivyo mstari utakatika ukingoni na utaonekana vibaya zaidi siku kili mbili zitakaposhonwa pamoja. Hesabu za namna hii zimeshawashughulisha wanahisabati. Mwaka 1994 Paulus Gerdes na Gildo Bulafo walitoa kitabu kuhusu sipatsi, mikoba inayosukwa Inhambane, Msumbiji. Pambo linalojirudia kwenye utepe lina aina saba tu za ulinganifu, na zote saba zimo kwenye mikoba hiyo. Ukili nao ni utepe. Bibi anayesuka barazani Wingwi anafanya hesabu ya aina hiyo hiyo, na ningependa mjukuu wake aisikie ikitajwa kwa jina la hisabati darasani.

Kwa anayejifunza, nashauri chane moja tu ya rangi kati ya nyeupe zote. Itakwenda kwa kupinda kutoka ukingo hadi ukingo, ikijitokeza mbili na kuzama mbili, na ikikosea itaonekana papo hapo. Kosa la ukili wa namna hii halikai mahali pamoja, kwani huuvunja mstari kuanzia pale lilipotokea. Ushike ukili mwanga ukiupiga kwa ubavu, ufuate mstari kurudi nyuma hadi ulipokatika, kisha fumua mpaka hapo. Kufumua nako kuna adabu yake. "Usivute, mwanangu, irudishe ilikopita," ndivyo mtoto anavyoambiwa, na ni kweli, kwa sababu chane iliyovutwa kwa nguvu huchanika na haifai tena.

Maji nayo yanahitaji kipimo. Ukindu mkavu hupasuka kwenye mkunjo. Uliolowa chepechepe unasukika kwa raha, lakini ukikauka husinyaa na kuacha mianya, na migongo uliyoihangaikia inalala. Unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa vizuri unatosha.

Chane ikikaribia kwisha, weka mpya juu yake, ziende pamoja kwa mapishano matatu au manne, kisha uiache ya zamani. Anayejua kusoma ukili hasubiri iishe kabisa. Huangalia mbele na kupachika pale mstari unapozama, ili ncha zote mbili zifunikwe na chane inayoruka juu yake, na mshonaji wa mkeka apitishe sindano bila kuona palipoungwa.