Kufunga choo: Tabibu wa Kichina hana dawa moja kwa wote

MFANYABIASHARA aliyeketi ndani ya basi siku nzima, akijinyima maji ili asimsumbue dereva, anaijua taabu ya choo kigumu. Wapo wanaojinunulia chai au vidonge vyenye maandishi ya Kichina, wakiamini vinamfaa kila mtu. Tiba ya jadi ya China yenyewe haisemi hivyo.

Tabibu wa Kichina kwanza hutazama ulimi, hushika mshipa wa mkono na kuuliza kuhusu kiu na hamu ya kula. Mwenye kiu kali na ulimi mwekundu wenye utando wa njano huhesabiwa kuwa na joto tumboni. Aliyejaa gesi na msongo wa mawazo huambiwa qi, nguvu inayozunguka mwilini, imekwama. Mzee au mama aliyetoka kujifungua huonekana amepungukiwa damu na majimaji, hivyo utumbo umekauka.

Mwenye joto hupewa da huang, mzizi mchungu unaotoka Gansu, Qinghai na Sichuan. Ni bidhaa ya biashara tangu zamani. Mwaka 1839 kamishna Lin Zexu, akipiga vita kasumba mjini Guangzhou, alimwandikia Malkia Victoria akidai kwamba wageni hawawezi kukaa hata siku moja bila chai na mzizi huo.

Aliyekauka hulainishwa kwa vitu vyenye mafuta, kama ufuta mweusi, asali na huo ma ren. Hapo msafiri awe macho: huo ma ren ni mbegu za mmea wa bangi, na zinaweza kuzua maswali mpakani.

Chai nyingi za kulainisha choo zina fan xie ye, maana yake "jani la kigeni la kuharisha". Watu wa mwambao wanalijua: ni sanamaki.

Sanamaki na da huang hufanya kazi kwa njia moja, kwa kuusukuma utumbo ujikaze. Zikitumiwa muda mrefu, mwili hupoteza maji na madini ya potasiamu. Mjamzito asizitumie bila ushauri wa daktari, wala mtu mwenye utumbo ulioziba.

Kwa hiyo anayenunua, na hasa anayeuza, asome kwanza viambato kwenye boksi au amwonyeshe mfamasia. Mwenye damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, au mwenye maumivu makali na kutapika, aende hospitali; huyo si mteja wa chai.