Saa ya Titanic na bei ya msiba

Kufa kufaana, na sisi mafundi saa hatuna cha kujitetea: saa nyingi ninazofungua ni za marehemu. Kijana ananiletea Seiko ya babake, kava la nyuma limeliwa na jasho, anasisitiza, "Fundi, nataka itembee tu. Kioo usiguse." Mkwaruzo ulio kwenye kioo ndio anaoutaka. Siku akiamua kuiuza, ni urithi wake.

Mwaka 2007 kampuni moja ya Uswisi, Romain Jerome, ilitoa saa iliyoitwa Titanic-DNA. Chuma kilichoopolewa kutoka kwenye meli ya Titanic kiliyeyushwa pamoja na chuma cha Harland and Wolff, kiwanda cha Belfast kilichoiunda. Makaa ya mawe kutoka baharini yakasagwa na kuchanganywa kwenye rangi ya uso wa saa. Zilipangwa saa 2,012, bei ikianzia dola 7,800 hivi na kupita 170,000.

Niwekee saa hiyo mezani, nivae lenzi yangu, na bado sitakuonyesha Titanic iko wapi humo. Vyuma vikishayeyushwa pamoja havitenganishwi kwa jicho. Mnunuzi kanunua maneno ya muuzaji.

Titanic ilikuwa na meli dada, Olympic, iliyoundwa Belfast hapo hapo, kiwanda kile kile. Hiyo ilisafiri kuanzia 1911 hadi 1935, kisha ikakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Sijasikia aliyekimbilia kuivaa mkononi. Ubora wa chuma hauelezi tofauti hiyo ya bei. Kinachoieleza ni watu zaidi ya 1,500 waliokufa usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912, na warithi wao hawakuwa na kauli kwenye biashara hii.

Lakini si kila anayeuza namlaumu. Millvina Dean alikuwa na umri wa miezi miwili meli ilipozama na babake akafa. Mwaka 2008, akiwa manusura wa mwisho aliye hai, alipeleka mnadani sanduku ambalo familia yake ilipewa na watu wa New York baada ya ajali, apate kulipia nyumba ya wazee alikokuwa akitunzwa. Nani amzuie?

Titanic-DNA ikiletwa kwangu ibadilishwe mkanda, nitaubadilisha, kwa bei ile ile ya Seiko. Kuiweka kwenye kabati langu la kuuzia, hapana, hata kwa kamisheni nono.